Njia Nne za Punje Mbili

Ulezi unaokaribia kuvunwa una harufu yake, harufu ya vumbi tamu lililolowa umande, na mimi niliivuta harufu hiyo peke yangu msimu mzima. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, huku kwetu Itaka. Mama alikuwa amefariki kabla ya mvua kuanza. Baba akaenda kwa miguu hadi Tunduma, akavuka mpaka kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba, na tangu avuke hatukusikia neno lake. Nikaachwa kwa baba mdogo na mkewe, waliokuwa na mabinti wawili: Debora, aliyenizidi umri kidogo, na Yunisi, mdogo wetu. Hawakunitesa. Nilikula walichokula wao na kulala walipolala. Lakini alipotafutwa mtu wa kukaa dunguni kuamia ndege wasile ulezi, lilitajwa jina langu, Lea, na hakuna aliyeona haja ya kulijadili.

Dungu lilikuwa jukwaa la miti lililoezekwa nyasi, katikati ya shamba. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata njia niliyojia siioni. Nilipiga debe, nikapiga kelele, ndege wakaruka na kwenda kutua upande wa pili; halafu kimya kikarudi. Kukaa kimya mchana kutwa ni kazi ngumu kwa mtoto. Ndipo nikabuni mchezo. Nilichukua punje mbili za mahindi meupe, nikazipaka masizi upande mmoja, nikawa nazirusha kwenye ungo. Zikilala zote nyeusi, ameshinda mama. Zikilala zote nyeupe, ameshinda baba. Zikitofautiana, moja nyeusi na moja nyeupe, nimeshinda mimi. Hivyo tukawa watatu tena.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nashinda mno. Siku ya kwanza nilifurahi, siku zilizofuata nikaanza kuona aibu, kama mtoto anayekula nyama yote kabla wazazi hawajanawa. Nilitaka mama ashinde. Nikamwambia kwa sauti, kule juu peke yangu, "Haya mama, tubadilishane. Chukua ya kwangu." Nikampa yeye punje zinazotofautiana, mimi nikachukua nyeusi mbili. Basi mama akaanza kushinda, akashinda siku hiyo na kesho yake. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilitambua kwamba kumbe si mimi niliyekuwa na bahati, wala si mama. Ushindi ulikuwa umekaa mahali pale, na yeyote aliyepewa pale alishinda.

Sababu niliiona siku punje moja ilipodondoka kwenye majani nikaikosa. Nilipata nyingine kwenye hindi la kuchoma, lakini ilikuwa nyekundu. Niliipaka masizi hivyo hivyo, nikarusha. Sasa punje zilikuwa na sura mbili tofauti, nami nikaona jambo ambalo weupe ulikuwa umelificha. Zote kulala nyeusi kulikuwa na njia moja tu. Zote kulala safi, njia moja tu. Lakini kutofautiana kulikuwa na njia mbili: nyekundu ioneshe masizi na nyeupe iwe safi, au nyeupe ioneshe masizi na nyekundu iwe safi. Njia zilikuwa nne, si tatu, na mbili kati yake zilikuwa za mama. Sikuwa na wa kumwambia. Niliwaambia ndege.

Baada ya mavuno, mzee wa kanisa alikuja kusema kwamba shule ya bweni ya wasichana ya misheni ingepokea binti mmoja kutoka nyumba yetu. Mmoja tu, kwa maana wengine walihitajika shambani na kwenye mibuni. Jioni hiyo baba mdogo alituita sote.

"Sitaki mtu aseme nimependelea," alisema. "Tutapiga kura. Yunisi, aliyekuwa akimpelekea Lea chakula dunguni, kaniambia ana mchezo wa punje. Matokeo matatu, mabinti watatu. Nyeusi zote, Yunisi. Nyeupe zote, Lea. Zikitofautiana, Debora."

Alikuwa anasema kwa nia njema, na nilijua mama mdogo angenitazama kwa jicho gani nikimsahihisha. Hata hivyo nilisikia sauti yangu ikitoka.

"Baba mdogo, samahani. Si matatu. Ni manne."

"Mtoto huyu!" alisema mama mdogo. "Tumemlea, leo anakuja kutufundisha kuhesabu."

Baba mdogo alimnyooshea mkono anyamaze. "Nioneshe."

Nilileta punje nyekundu na nyeupe, nikazipanga sakafuni mbele yake, njia moja baada ya nyingine. Alizigeuza kwa kidole, akazirudisha, akazigeuza tena. Debora alikuwa ameanza kulia. "Kumbe," baba mdogo alisema taratibu. "Nilikuwa nampa Debora mbili." Akaamua upya: nyekundu ikionesha masizi peke yake, Debora; nyeupe ikionesha peke yake, tunarusha tena. Akarusha.

Nyekundu ilionesha masizi. Nyeupe ilikuwa safi.

"Umeona?" mama mdogo alisema. "Ilikuwa yake tangu mwanzo." Nilikuwa nimepata haki yangu yote, na haki hiyo haikuniahidi chochote. Debora aliondoka na sanduku la bati, bila kuniaga, nami kwa muda mrefu nililala nikiwa nimegeukia ukuta.

Msimu uliofuata nilirudi dunguni. Siku moja baba mdogo alipanda, akaketi, akauliza, "Ulijuaje yale?" Nikamweleza jinsi nilivyokuwa nikicheza na mama na baba. Kesho yake alfajiri aliniamsha pamoja na Yunisi, akatupeleka shule ya kijiji jirani cha Ruanda, ya masomo ya asubuhi. Tulipokuwa tukirudi tulisikia debe likilia. Alikuwa anaamia ndege mwenyewe, mtu mzima, na watu walimcheka.

Baba hakurudi, tulikuja kusikia alioa huko huko. Mimi nilifundisha hesabu hadi nikastaafu. Sasa naishi Vwawa, karibu na barabara kuu, na wajukuu zangu wa kike watatu wote wanasoma. Hakuna aliyekaa akaamua ni yupi asome. Jioni wanarudi wamechoka, wanatupa mabegi, wanalalamika kwamba hesabu za uwezekano ni ngumu na mwalimu ni mkali, wote watatu kwa mpigo, mpaka simsikii hata mmoja. Nawaacha walalamike. Nyumba inapojaa kelele hivyo, huwa sitaki hata mmoja anyamaze.