Mtori wa Mama Mkwe

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe aliniweka ndani miezi mitatu. Hiyo ndiyo desturi ya huku Meru, uwe umezalia hospitali au nyumbani. Nilitoka wodini Nkoaranga nikiegemea bega lake, nikaingizwa kwenye chumba cha nyuma, nikaambiwa kazi zangu ni mbili tu: kunyonyesha na kula. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye shamba la maua Usa River, akija Jumamosi kama mgeni.

Wakati huo sikuelewa vizuri mzigo ulikuwa wa nani. Mwanamke akitoka uzazini, wanawake wenzake hawamtazami mtoto kwanza. Wanamtazama mama, mashavu na mikono, kisha wanamgeukia mama mkwe. Mzazi akiwa amenona, mkwe amelea. Akiwa amekonda, mkwe ni mchoyo, na jina hilo likishakushika halibanduki. Wangu alikuwa mjane, nami ndiye mkamwana wake wa kwanza.

Basi akapika. Mtori asubuhi, mchana na jioni: ndizi alizozikata mwenyewe shambani, nyama na mifupa iliyochemka tangu alfajiri, vyote vikapondwa kwa mwiko mpaka vikalainika. Juu yake alimimina mafuta ya kondoo. Kati ya mlo na mlo kulikuwa na uji wa ulezi wenye maziwa. Kila asubuhi alinikanda tumbo kwa maji ya moto na kunifunga kanga kwa nguvu, nami nikamchukia kwa dakika kumi hivi. Mtori wenyewe ulikuwa mtamu. Nasema hivyo ili isidhaniwe tatizo lilikuwa mapishi.

Tatizo lilikuwa gauni. Nilikulia mjini, Daraja Mbili, na hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa na mitumba imemwagika sokoni baada ya miaka mingi ya kuvaa kilichopatikana. Kabla mimba haijaonekana nilinunua gauni la bluu lenye mkanda mwembamba kiunoni, nikaapa kulivaa siku ya kumpeleka mtoto kanisani. Wiki ya tatu ya uzazi nililijaribu kwa siri, likakwama mapajani.

Dirisha la chumba lilitazama migombani, na mbwa wa nyumbani alikuwa akilala chini yake. Nikawa nakula vijiko kadhaa, vya kutosha maziwa yasikauke, kinachobaki nampa yeye. Bakuli lilirudi jikoni tupu. Mama mkwe aliliangalia na kusema, "Afadhali, mama. Kula." Nilijiona mjanja sana.

Mwezi wa pili alianza kunishika mkono karibu na bega, kama anayechagua kuku sokoni. Akachinja kondoo mwingine, wa mwisho. Siku moja nilimsikia jikoni akimwambia jirani, "Anamaliza bakuli, lakini mwili hauji. Sijui nakosea wapi." Niliona aibu, na jioni ile nikala bakuli zima. Kesho yake nikalikumbuka gauni.

Siku ya kanisa gauni lilinikaa. Baada ya ibada wanawake walitukusanyikia nje. Mmoja, mwenye ulimi wake, akanishika mkono na kumgeukia mama mkwe.

"Huyu ulimlisha nini, dada? Upepo?"

Wenzake wakacheka. Mbwa alikuwa ametufuata kutoka nyumbani, amejilaza kwenye nyasi, mnene, anahema, manyoya yanang'aa kwa mafuta. Mama mkwe alimtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko anavyostahili mbwa. Kisha akautazama mkanda wangu.

"Ndizi zangu mwaka huu zilikuwa mbaya," akasema.

Hakukuwa na ndizi nzuri kuliko zake mlima mzima, na kila mwanamke pale alilijua hilo. Waliangaliana. Nilijua jina walilokwisha kumpa, na bado sikufungua mdomo.

Tulipanda njia ya nyumbani, yeye mbele na mtoto mgongoni, mimi nyuma na gauni langu. Mlangoni mwa jiko akaniuliza kama nitakula. Nikasema nitakula. Akapakua mabakuli mawili ya mtori, yamejaa sawasawa. Moja akaniwekea mimi. La pili akalitoa nje, akampa mbwa.