Hodi kwa Cherehani Yake Mwenyewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwamvita Chande anagonga geti la bati la kijani hapa Temeke na kupaza sauti: "Hodi wenyewe!" Mkono wa kulia ameshika mfuko wa vitambaa vya sare za shule. Wa kushoto ameshika chupa ndogo ya mafuta ya cherehani.

Geti linafunguliwa. Anamwamkia mwenye nyumba, anavua kandambili na kupita hadi pembeni ya baraza, kwenye kitu kilichofunikwa kwa kipande cha shuka. Anakifunua taratibu. Ni cherehani ya miguu, nyeusi, na maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika upande ambao mkono wa fundi hupita kila siku. Mkono wenyewe ni wa Mwamvita.

Aliinunua kwa jasho lake, akaitumia miaka tisa barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka hapa. Leo si yake tena. Analipa shilingi elfu tatu kwa siku ili aishonee.

"Nimezoea," anasema akikaa. Kisha anacheka kidogo. "Muongo mie. Sijazoea."

Kabla ya kukanyaga, anatoa mfukoni barakoa ya kitenge, anapitisha wembe kwenye mshono na kuchomoa lastiki zake mbili. Lastiki moja inatosha mkono mmoja wa gauni la chekechea. Barakoa moja, gauni moja. Kitambaa anakitupa kwenye ndoo, atakishikia sufuria nyumbani. Barakoa anazo bado, gunia zima na nusu, chini ya kitanda.

Mtaani wanamwita Mama Barakoa. Hata wakati mwandishi huyu ameketi naye, kijana mmoja muuza maji anapita nje na kupiga kelele, "Mama Barakoa, corona yako haiishi tu?" Mwamvita anamjibu bila kuinua kichwa: "Njoo nikushonee ya mdomo huo!"

Wote wanacheka. Ila utani huu una historia, na historia yenyewe haichekeshi.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 Mwamvita, ambaye sasa ana miaka arobaini na mitatu, alikuwa fundi wa sare anayejulikana mtaani kote. Mumewe, Jamali, alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja Mikocheni. Mtoto wao Salha alisoma shule ya kulipia. Walikuwa na friji, televisheni, na kiwanja kidogo walichokuwa wanakilipia polepole kule Chanika.

Mwezi wa tatu shule zikafungwa. Hakuna shule, hakuna sare. Mwezi uliofuata wageni wakaacha kuja, na hoteli ikawakusanya wafanyakazi na kuwaambia maneno mafupi: nendeni nyumbani, tutawaita.

"Mpaka leo hawajatuita," anasema Jamali kwa simu kutoka Lindi, ambako anaokota korosho kwa kibarua. "Namba yangu sijabadilisha lakini. Huku mtandao wenyewe wa kupanda kwenye kilima, watu wananiambia chukua laini nyingine. Nawaambia hapana. Wakinipigia je?"

Mwandishi akamtakia kazi njema.

Kilichowaokoa mwanzoni ni barakoa. Mwezi wa nne kila mtu alizitaka, na za dukani zilikuwa ghali. Mwamvita akachukua mabaki ya vitenge akaanza kushona, shilingi elfu moja kwa moja. Watu wakapanga foleni kwake.

"Nilikuwaga nakanyaga mpaka miguu inavimba," anasema. "Jamali anakata, Salha anahesabu, mie nashona. Wiki moja tulikula nyama mara mbili. Corona ipo nje, watu wanaogopa kushikana mikono, sie tunakula nyama. Khaa! Nilikuwa naona aibu kuchoma, harufu isiende kwa jirani."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake angelifanya fundi yeyote wa sare. Anayeshona sare anaishi kwa msimu. Vitambaa hununuliwa mwezi wa kumi na moja, ili Januari ikifika mzigo uwepo. Anayesubiri wateja ndipo akanunue, anakuta bei imepanda na wateja wameshahamia kwa mwingine.

"Nikaona huu nao ni msimu kama Januari," anasema. "Nikasema safari hii sisubiri."

Akakopa kwenye kikoba chao cha akina mama shilingi milioni moja na laki mbili. Akanunua majora ya kitenge, akanunua lastiki katoni nzima. Akashona mchana na usiku, akajaza magunia.

Mwezi wa sita shule zikafunguliwa, na watu wakavua barakoa. Hawakuvua mmoja mmoja. Mwamvita anasema ilikuwa kama watu waliopeana taarifa.

Hapa anasimamisha miguu. Cherehani inanyamaza.

"Nikuambie kitu, usinione mbaya. Nilikuwa nasali kila siku ugonjwa uondoke. Nina mtoto, nina mama yangu mzee kule kwetu. Basi, siku naona sokoni Tandika watu wanatembea nyuso wazi, wanacheka, nilirudi nyumbani nikakaa chini nikalia. Halafu nikajiogopa. Mtu gani analia wenzake wakipumua?"

Anafuta jicho kwa mgongo wa mkono, anakanyaga tena.

Sare nazo hazikumwokoa. Wazazi walirudi, lakini wengi hawakuleta kitambaa. Walileta gauni za mwaka uliopita, ashushe pindo. Kazi ya shilingi mia tano, na wengine waliomba ya mia tatu.

Marejesho ya kikoba yalikuwa kila wiki. Alipokosa mara ya tatu, wenzake wanne walikuja nyumbani kwake wakakaa kwenye mkeka. Hawakutukana. Walikaa tu, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwamvita anasema angefurahi kama wangemtukana.

"Hela ilikuwa yao, na wao wana watoto. Kuna mtu akaniambia kachukue kausha damu, lipa hawa. Nikasema wallahi siendi. Ile mikopo ukiingia unatoka huna hata jina."

Friji iliondoka kwanza. Ikafuata televisheni. Kiwanja cha Chanika walishindwa kukimalizia, aliyewauzia akakichukua tena. Salha akahamia shule ya serikali. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata kilikuwa kimebaki kitu kimoja chenye bei, nacho kilikuwa cherehani.

Aliyeinunua ni Felicitas, jirani yake mwenye nyumba hii, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Edgar. Mama huyu wa miaka hamsini na minane alikuwa akipika chakula cha mchana kwa vibarua wa viwandani, nao walikuwa wamepungua. Hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya ada ya mwanawe Edgar, iliyookoka kwa sababu shule zilifungwa na muhula mmoja haukudaiwa.

"Sikununua kwa ubaya," anasema Mama Edgar. "Niliona akimwuzia mtu wa mbali haitaonekana tena. Nikampa laki na themanini, nikamwambia Mama Salha, siku ukipata nirudishie hela yangu, chukua mashine yako. Hata senti sitaongeza."

Na kweli hajaongeza, ingawa sasa cherehani kama hiyo ikiwa mpya inauzwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Katika hili Mama Edgar anastahili heshima yake.

Basi kwa nini miaka karibu minne imepita na cherehani bado iko kwenye baraza la watu? Msomaji piga hesabu mwenyewe. Ushonaji wa gauni ni shilingi elfu sita. Siku ya kawaida anapata mawili, siku nyingine moja, siku nyingine anakaa na kukunja mikono. Toa elfu tatu ya kukodi, toa uzi, toa unga, mkaa na maji. Kinachobaki ni cha kuvukia kesho.

Mara mbili alikaribia. Ya kwanza, Salha akalazwa na malaria. Ya pili, nauli ya Jamali kwenda Lindi, maana alikuwa ameanza kukaa kitandani mchana kutwa ameikodolea macho simu. "Niliona bora aende akaokote korosho kuliko nimpoteze humu ndani," anasema Mwamvita.

Ila mwaka huu, anasema, mambo yanakaa sawa. Shule mbili za chekechea zimemwagiza gauni. Lastiki hanunui, za barakoa zinamtosha. Hesabu yake inamwonyesha kwamba katikati ya Januari atamwekea Mama Edgar laki na themanini mkononi, ambebeshe kijana wa mkokoteni cherehani, atembee nayo nyumba tatu.

"Januari hii ndo yangu," anasema. Uso wake unafunguka kabisa anapolisema hilo.

Saa saba mchana Mwamvita anatoka kwenda kuswali. Mama Edgar anamwita mwandishi jikoni, anafunga mlango nusu.

"Kaka, naomba ushauri. Binti yangu Recho anamaliza chuo cha ushonaji wiki hii. Shangazi yake amempatia fremu ya duka Morogoro, amemlipia na kodi. Anachokosa ni mashine. Mie sina ya kumnunulia nyingine. Lori la shangazi yake linapita Jumamosi."

Jumamosi ni keshokutwa, na Januari haijafika.

"Umeshamwambia fundi?"

"Namwambiaje? Kila asubuhi ananiamkia. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Recho kukanyaga hiyo mashine. Roho inaniuma, kaka, chakula hakipiti."

Kazi ya mwandishi ni kuuliza na kuandika, si kuamua mambo ya barazani kwa watu. Lakini hasira ilimpanda, akaingilia yasiyomhusu: akamwambia Mama Edgar kwamba kumwacha mwenzake agonge geti Jumamosi akute mahali patupu ni ukatili kuliko kuichukua mashine yenyewe. Mama Edgar alianza kulia. Akasema atamwambia jioni.

Na ni vigumu kumkasirikia kwa muda mrefu. Mashine ni yake, mtoto ni wake, na Recho naye anastahili kuanza maisha. Hakuna mwizi wa kumkamata katika nyumba hii.

Mchana ulipita polepole. Mwamvita alishona magauni mawili na mkono mmoja wa la tatu, akipiga soga za bei ya mchele, huku Mama Edgar akipita barazani mara tano bila sababu, ameshika ufagio asioutumia.

Saa kumi na moja na nusu jioni Mama Edgar akaja akasimama. "Mama Salha," akasema.

Mwamvita alikata uzi kwa meno. "Kaa, Mama Edgar. Najua."

"Unajua nini?"

"Najua tangu Jumapili. Recho alikuja kunisalimia, akaniuliza, anti, hii mashine unaiwekaga mafuta gani? Miaka yote hii hajawahi kuniuliza mafuta. Mtu anauliza mafuta ya kitu anachoondoka nacho."

Mama Edgar alikaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa khanga. Mwamvita hakumkumbatia wala hakumkaripia. Aligeuza kichwa cha cherehani, akafungua ile chupa ndogo, akaanza kudondosha mafuta, tone moja moja, kila tundu, akizungusha gurudumu kwa kiganja ili yaingie.

Mwandishi alishindwa kujizuia. Kama alijua tangu Jumapili, kwa nini asubuhi alisema Januari hii ni yake? Na kwa nini anaipaka mafuta yake mashine inayoondoka?

"Ulinikuta asubuhi, nilikuwa bado sijaambiwa," alijibu. "Kitu ambacho hujaambiwa unaweza ukajifanya hakipo. Na mafuta, eti, mashine yenyewe ina kosa gani? Imenilisha. Chupa namwachia Recho. Umwambie, Mama Edgar, akae akijua: asianze kwa mguu. Ashike gurudumu kwanza kwa mkono, ndo akanyage. Akianza kwa mguu inarudi nyuma, inakata uzi."

Akaifunika kwa kile kipande cha shuka. Akahesabu elfu tatu ya siku, akamwekea Mama Edgar kwenye mapaja. Mama Edgar alizikataa. Mwamvita akaziacha pale pale.

Nje ya geti, akitembea na mfuko wake wa vitambaa, alieleza anachofikiria. Gauni za wale watoto lazima zitoke, ameshapokea kitambaa cha watu. Ataanza na mapindo na vifungo kwa mkono, nyumbani. Atazunguka Tandika kuwaomba mafundi wenzake, mmoja mmoja, wamwachie mashine saa za jioni wakishafunga kazi. Jamali akituma hela ya korosho, ataulizia cherehani ya mkono, ile ndogo ya kuzungusha, hata kama imetumika.

"Natamani Januari inikute nashona," alisema. "Popote pale. Nikimaliza hizi gauni, watu wakaona, Januari nyingine watanitafuta tena."

Mlangoni kwake alisimama. Aliuliza kama makala haya yatasomwa na wazazi wa wale watoto wa chekechea. Mwandishi akamwambia huenda.

"Basi niandikie hivi: fundi Mwamvita bado anashona, wasiwe na wasiwasi." Akafikiri kidogo. "Mahali usiandike. Mie mwenyewe sipajui bado."