Mwaka Tulioletewa Springi

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa tuliishi Nakuru katika nyumba za reli, zile za mstari mrefu, chumba kimoja na jiko dogo, ambazo kila mtu aliziita landhi. Mume wangu alikuwa karani katika ghala la mizigo. Sisi ni Wakikuyu, na katika siku zile za hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka waasi wa msituni, Wakikuyu wengi wa mjini walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa walikoambiwa kwamba ndiko kwao, hata wale waliozaliwa papa hapa bondeni. Sisi tuliachwa kwa sababu mume wangu ndiye pekee aliyejua gunia la nani liko wapi. Serikali haikutuamini hata kidogo, ila magunia yake iliyataka.

Mwezi wa pili, wakati ule upepo unapoleta vumbi jeupe la ziwani mpaka kwenye uji, wanawake wote wa landhi tuliitwa ukumbini. Aliyetuita alikuwa mke wa Mzungu aliyesimamia nyumba zetu. Tulimwita memsahib, kama walivyoitwa wake wote wa Wazungu. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na kofia ya ukili iliyofungwa utepe chini ya kidevu. Akapanda jukwaani, akatutazama kwa furaha kubwa.

"Mama zote, sikia," alisema. "Springi nakuja."

Tukatazamana. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Mombasa pamoja na reli yenyewe, akainua mkono kutoka ndani ya buibui lake.

"Inakuja kwa treni ya Mombasa au ya Kisumu, memsahib?"

Ukumbi mzima ulicheka, na memsahib akacheka pia, akidhani tumeipokea habari njema. Kisha akatueleza. Huko kwao, mti wote nakufa, majani yote nakufa, baridi sana. Halafu mwezi wa tatu inakuja springi na kila kitu naamka. Na watu nafanya nini? Natengeneza bustani! Sisi tulitazama nje dirishani. Hakuna kilichokufa. Kila kitu kilikuwa na kiu tu.

Hata hivyo amri ni amri. Kila nyumba ingepanda maua mbele ya mlango, na mwenye bustani nzuri kuliko zote angepata zawadi. Mahindi yalikatazwa, kwa kuwa mtu mbaya angeweza kujificha ndani yake. Viazi vilikatazwa, sukuma wiki ilikatazwa, chochote cha kuliwa kilikatazwa, kwa kuwa haya yalikuwa mashindano ya urembo. Tukapewa kila mmoja pakiti ya mbegu yenye picha ya maua mekundu na nyumba ya mawe, na mbele ya nyumba mtoto wa Kizungu mwenye mashavu kama nyanya.

Mume wangu aliipokea pakiti ile kama aliyepandishwa cheo. Jioni hiyo hiyo alirudi na kamba ya kufungia magunia, akapiga mistari mbele ya mlango, akarudi nyuma kuitazama, akajikwaa kwenye jiwe, akaipiga upya. Jumamosi alileta samadi aliyokwangua kwenye mabehewa ya ng'ombe. Mimi nililima, kwa kuwa mimba yangu ilikuwa bado changa na kutapika kulikuwa asubuhi tu. Udongo wa pale ni mwepesi, wa kijivu, umejaa vijiwe vinavyoelea ukivitia majini. Nilichimba, nikachanganya samadi na majivu ya jikoni, nikapepeta kwa mikono, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Tangu nitoke kwetu nilikuwa sijashika jembe. Jirani yangu alitoa kiti akakaa mlangoni kunisimamia.

"Lima, mwanangu, lima," aliniambia. "Wageni wa Ulaya hawalali chini."

Memsahib alikuwa ametutajia siku yenyewe ambayo springi huanza, na siku hiyo landhi nzima ilipanda. Mvua haikuwa na habari. Tulipanga foleni kwenye bomba la maji kunyweshea vumbi. Sisimizi wakabeba walichoweza. Ndege wakala walichobakishiwa. Na mvua ilipokuja mwishowe, ilikuja kwa kishindo ikaisomba samadi yetu mpaka mlangoni kwa jirani, ambaye bustani yake alikuwa ameifagia tu akaitandazia mawe meupe.

Katika mvua hizo ndipo mama yangu alipokuja. Alikuwa amepata pasi ya kunitembelea, baada ya kuulizwa ofisini kama kweli ana binti, na kama ana binti, kwa nini. Aliingia, akanitazama tumbo, akatoka nje kuitazama bustani. Nilimwonyesha pakiti.

"Hiki ni nini?"

"Ni maua, mama."

"Yanapikwa vipi?"

"Hayapikwi. Ni ya kutazamwa."

Mama alifungua pindo la shuka lake, akatoa kiganja cha njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo kwetu mwanamke akijifungua lazima apikiwe ili apate nguvu na maziwa. Nilimweleza sheria zote za memsahib, na habari ya mume wangu na cheo chake. Alinisikiliza vizuri huku akichimba vishimo kwa kijiti kando ya uzio wa fito uliozunguka bustani.

"Ukizaa nitakuja nikupikie mwenyewe," alisema. "Wakininyima pasi, hizi hazihitaji pasi."

Mume wangu aliporudi alikuta kazi imekwisha. Aliwaogopa wakubwa wa reli, lakini mama mkwe alimwogopa zaidi.

Mpaka mwezi wa saba njahi zilikuwa zimeupanda uzio wote, zikapita juu yake, zikaanza kutafuta paa. Kisha zikatoa maua. Mtu asiyeyajua maua ya njahi hawezi kuamini kwamba chakula kinaweza kujipamba hivyo: zambarau, mashada kwa mashada, yamesimama wima, na nyuki wamelewa humo. Katika landhi nzima halikuwepo ua lingine. Zile mbegu za pakiti zilikuwa zimetoa kijiti kimoja nyumba ya mwisho, na hicho nacho mbuzi alikimaliza.

Memsahib alipofika kukagua, alisimama mbele ya uzio wetu akaweka mkono kifuani.

"Oo! Hii maua gani?"

Mume wangu alitazama viatu vyake. Jirani yangu akaitika kutoka kitini pake, bila hata kugeuza shingo.

"Hilo ni ua la Mombasa, memsahib. Zamani lilipandwa majumbani kwa masharifu."

"Ua ya Mombasa," memsahib alirudia, kama mtu anayeonja asali. Siku hiyo hiyo tukapewa zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa mkasi wa kukatia maua. Memsahib alinishika mkono kunifundisha. Ua likianza kunyauka, kata. Usipokata linazaa kitu kama ganda, na mmea unachoka, maua yanakwisha. "Kata, kata, kata," alisema, na papo hapo akayakata maganda machanga yote aliyoyafikia. Kila Alhamisi alirudi na kikapu, akivuna mlo wangu kabla haujaiva.

Mimi na jirani tukapata njia. Upande wa barabarani niliukata vizuri, ukachanua kama harusi. Upande wa ndani niliuacha. Huko maganda yalining'inia kimya kimya, yakinenepa pamoja na mimi.

Tumbo lilikuwa limeshakuwa zito ilipotoka amri nyingine: uzio wowote wa majani unaopita kiuno ukatwe, ili askari waweze kuona ndani. Alikuja afisa kijana wa Kizungu na askari wenye mapanga. Walianza mwanzo wa mstari. Nilisimama mlangoni nikishika mgongo, nikiona mapanga yakisogea, na nakumbuka kwamba sikulia kwa ajili ya njahi. Nililia kwa sababu mama alikuwa ameshanyimwa pasi ya pili, na kile ndicho alichoniachia.

Jirani yangu alitoka mbio. Sijawahi kuona buibui likikimbia vile. Aliporudi alikuwa na memsahib, vibiringo vya kukunjia nywele vikiwa bado kichwani mwake na ndala miguuni.

"Hapana!" memsahib alipaza sauti. "Hii hapana gusa! Hii ua ya mashindano!"

Wakageukia Kiingereza. Nilishika maneno machache tu, lakini uso wa afisa niliushika vizuri. Uligeuka mwekundu kuanzia shingoni. Hakuna aliyemfundisha jinsi ya kupigana na mama mwenye vibiringo. Basi serikali ikaamua kwamba mtu mbaya hawezi kujificha nyuma ya ua la Mombasa, ikaenda nyumba iliyofuata. Askari mmoja mzee alipokuwa akipita alitupia jicho upande wa ndani, akainamia uzio kama anayekagua.

"Zikiiva, mama," alininong'oneza, "usinisahau."

Nilijifungua msichana. Mama hakupata pasi. Jirani yangu, ambaye hakuwa amewahi kupika njahi maishani mwake, alisimama jikoni kwangu nikimwelekeza kutoka kitandani: zichemshe, mwaga maji yale meusi, chemsha tena, ponda na ndizi.

"Rangi yake ni kama makaa," alilalamika. "Mwanangu, una hakika hii si adhabu?" Lakini alipika kila siku, na mimi nilikula, na maziwa yakaja.

Memsahib alikuja kumwona mtoto na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Alikaa kitandani kwangu, akamshika mtoto muda mrefu. Akaniambia kwamba naye ana mtoto, mvulana, yuko shuleni Uingereza, hajamwona tangu kijana alipokuwa akimfika kifuani, na sasa anaandikiwa kwamba amempita kimo. Alizaliwa mwezi wa tatu, alisema. Springi. Jirani yangu alimpa bakuli la njahi.

Alikula. Akasema ni tamu sana, hii nini? Jirani akanitazama, nami nikaona nimechoka kudanganya.

"Ni ua lako, memsahib."

Kijiko kilisimama. "Hii iko chakula?"

"Ndiyo, memsahib."

"Jirani najua?"

"Alijua."

"Bwana yako?"

"Alijua."

"Askari?"

"Aliomba ya kwake."

Nilingoja akasirike. Alitazama bakuli, akamtazama mtoto, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa muda sikuweza kujua kama bado anacheka. Kisha alimaliza bakuli lote, akalikwangua. Hakuomba mkasi wake, na Alhamisi iliyofuata hakuja na kikapu.

Mwaka uliofuata mumewe alihamishiwa stesheni nyingine. Mkubwa mpya alikuwa na mke aliyependa mbwa, na habari ya mashindano ikafa. Mlango kwa mlango landhi ikapanda sukuma wiki na viazi, na hakuna aliyeuliza. Mume wangu alibaki karani. Mama alipopata pasi hatimaye, mtoto alikuwa anakaa bila kuegemezwa. Alimfunua, akamminya mapaja yote mawili kama anayenunua, akamrudisha mapajani pangu.

"Nani alikupikia?" aliuliza.

Nikamwita jirani. Mama alimtazama yule mwanamke wa buibui kuanzia juu hadi chini, na kwa kuwa hakujua Kiswahili cha kutosha kumshukuru, alimkosoa kwamba ndizi aliweka nyingi mno.