Mpini Alioniletea Shangazi

Kwetu, mpini wowote wenye nakshi ni wa jambia mpaka atokee wa kuthibitisha vingine, na mtu huyo, kwa bahati mbaya, ni mimi. Nilifanya kazi miaka mingi katika ghala la makumbusho, nikipanga na kuandikia maelezo vitu vya kale, na katika vyote hivyo mipini ya Kiindonesia ndiyo iliyonikaa moyoni. Nimeshastaafu, lakini watu bado wananiletea nyumbani kwangu, mtaa wa Darsait, wameifunga kwenye vitambaa na mifuko ya nailoni, na kila mmoja ana babu aliyekuwa shujaa. Nikiwaambia ule ni mpini wa kisu cha kuchinjia kuku, huondoka wamenuna na kahawa yangu hawaimalizi. Msema kweli hana wajoli, nami nimezoea.

Shangazi yangu lakini si mtu ambaye kununa kwake kunazoeleka. Ni dada wa marehemu baba, na katika watoto wa bibi na babu amebaki yeye peke yake. Alikuja Jumanne asubuhi kwa teksi kutoka Mabela, fimbo mkono mmoja, mkoba mkono wa pili, na ugomvi na dereva umeshamalizika kwa ushindi.

Ndani ya mkoba mlikuwa na mpini wa mti mweusi, umechongwa kichwa cha ndege aliyefungua mdomo. Nilikuwa nikiusikia tangu utotoni. Babu aliununua na jambia lake kwa Mwarabu mmoja wa Kishihiri aliyetoka Jawa, akilivaa sikukuu mpaka Unguja nzima ikamjua. Chuma kilipotea, mpini ukabaki. Walipohama Unguja kuvuka bahari kuja huku, walitoka na sanduku moja tu, na katika sanduku hilo vya babu vilitangulizwa. Vya bibi havikupata nafasi. Shangazi hakuwa na picha ya mama yake wala kipande cha kanga, na jambo hilo alilisema kila akilia, hata kama alichokuwa akililia ni kitu kingine.

Sasa mjukuu wake alikuwa anaoa Ijumaa. Shangazi alitaka fundi wa fedha wa Matrah aupachike mpini ule kwenye khanjar mpya ya bwana harusi, lile jambia la huku la kuvaliwa kiunoni. Ili uingie, ilibidi ukatwe mdomo na kutobolewa upya, na fundi, mtu mwangalifu, alikataa kuugusa mpaka mjuzi aseme ni kitu gani.

"Nnataka uniandikie tu kuwa ni wa jambia," alisema shangazi. "Maneno mawili matatu, utie na sahihi."

"Kwanza niutazame, shangazi."

"Tazama, nani kakuzuia? Lakini ujue baba yangu alikuwa mwanamme."

Nikauchukua hadi dirishani. Jambia la Kijawa lina ulimi mwembamba wa mviringo unaoingia ndani ya mpini, na huzungushiwa kitambaa tu ili ukae. Tundu la mpini wake ni dogo, kalamu ya risasi haipiti. Hili lilikuwa pana, la pembe nne, na ndani mna ulimbo mweusi uliokauka. Chuma kinagandishwa kwa ulimbo ikiwa kitapigishwa kwenye vitu vigumu kila siku ya Mungu. Kisha nakshi za shavu moja zilikuwa zimekwisha kabisa, pamebaki laini kama kipande cha sabuni cha bafuni. Kitu cha kuvaliwa sikukuu hakiliki hivyo.

Huu ulikuwa mpini wa kisu cha kazi, cha kuni na nazi. Nakiri kwamba kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kudanganya. Kizee kimepita miaka themanini, harusi ni Ijumaa, maneno mawili na sahihi yangemharibia nani? Nikarudi mezani nikaishika kalamu.

Ila kitu kimoja kilikuwa kinanikera: mpini ulikataa kukaa mkononi. Kila nikiukamata, dole gumba linateleza. Nikaiweka kalamu chini, nikauhamishia mkono wa kushoto. Dole likaingia lenyewe kwenye kishimo, pale pale palipolika.

"Shangazi, babu akitumia mkono gani?"

"Wa kulia! Akhu, swali gani hilo?"

"Na nyumbani hakuna aliyekuwa wa kushoto?"

Alisema polepole, "Mama." Akauweka mkoba mapajani. "Mkwewe alimpiga mkono mpaka akajua kula na wa kulia. Lakini jikoni, akishafunga mlango, akivunja nazi au akichanja kuni, mkono unarudi kwao. Sisi watoto tukimcheka."

"Basi huu si wa jambia," nilimwambia. "Ni wa kisu cha jikoni, na aliyeutumia miaka yote hiyo ni wa mkono wa kushoto."

Nilingoja fimbo. Shangazi alinyoosha mkono, wa kushoto, akauchukua. Dole lake likatafuta kidogo, likakiona kishimo.

"Miaka yote hii," alisema, "nnamsifu baba."

Alilia, nami nikalia, na safari hii nilijua vizuri analia nini. Alipomaliza aliniamrisha nimpigie simu fundi nimwambie auweke chini msumeno wake. Kahawa aliimaliza yote, akadai na halua.

Ijumaa bwana harusi alipendeza na khanjar ya mpini wa pembe, kama wenziwe wote. Upande wetu wa wanawake nilimkuta shangazi kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani. Nilimpelekea sahani ya biriani. Aliipokea kwa mkono wa kulia peke yake na ikainama nusura imwagike, lakini wa kushoto ulikuwa ndani ya mkoba na hakuutoa.