Kochi Fupi la Shemeji

Siku kochi jipya lilipoletwa likiwa fupi, nilimpa fundi soda ya pili.

Mume wangu alidhani nimechanganyikiwa. Subirini niwaeleze.

Shemeji, mdogo wake mume wangu, alikuja kwetu "kupumzika kidogo" baada ya kuacha kazi. Aliiacha kwa sababu ofisi ilikuwa ghorofani na lifti imeharibika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ungempa jembe angeuliza mto uko wapi.

Kula kulala. Alilitwaa kochi la sebuleni, kichwa kule konani, miguu huku, rimoti tumboni.

Nikilalamika, mume wangu anasema, "Ni damu yangu, mvumilie."

Nilipojifungua, mama yangu akaja. Shemeji hakusogeza hata unyayo. Mama na mgongo wake mbovu akakalia kigoda cha jikoni.

"Mwanangu," akaniambia akiondoka, "nitarudi ukipata pa kunikalisha."

Nililia, siwafichi.

Kochi nalo likachoka, likavunjika. Kwa uzito wa nani, mnajua. Tukaagiza jingine, fundi akataka urefu wa ukuta. Mimi nilikuwa nanyonyesha, nikamrushia shemeji tepu.

"Shem, pima kona hadi kona, umpigie fundi."

"Hilo tu? Dogo hilo."

Basi kochi likaja. Shemeji akajitupa kama kawaida yake. Miguu ikaning'inia. Akageuka, ikawa zamu ya kichwa. Akanuna.

"Huyu fundi hajui kazi. Alirudishe."

"Kaka, ndicho kipimo ulichonipa," fundi akajibu taratibu.

Mume wangu akapima ukuta upya. Nafasi ilibaki kubwa tu.

"Hivi wewe ulipimaje?"

Shemeji akajikuna. "Nilipima... mkono ulipofika."

Mnaelewa? Alipima amelala, juu ya kochi lile lile bovu! Aliibana ncha ya tepu pale kichwani, akavuta hadi mkono ulipoishia, akasoma, akaendelea na mpira wake.

Mume wangu akatazama dari. Habari za damu yake sikuzisikia tena.

Fundi akasema atalirefusha bure.

"Thubutu," nikamwambia. "Liache hivyo hivyo. Ngoja nikuongeze soda."

Wiki haikuisha, shemeji akahamia kwa dada yao. Nasikia huko kuna kochi refu, lile la kuzunguka kona. Wifi yangu, pole sana.

Mama amerudi. Ninapoandika hapa amekaa sebuleni, mgongo umeegemea vizuri, mjukuu mapajani. Kochi linawatosha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msikimbilie kurekebisha kila kosa. Na mvivu msigombane naye. Mpeni tepu, atajipima mwenyewe.