Mlango Ulioniona Nyuma ya Plaiwudi

Jamani, aibu hii nimeibeba tangu katikati ya miaka ya tisini, na ninaisimulia leo kwa sababu mke wangu tayari anaisimulia kwa wageni, tena kwa chumvi, kwa hiyo afadhali mwisikie kwangu mwenyewe.

Siku hizo nilikuwa fundi wa redio na rada za meli hapa Kisumu. Bwana Kantilal, mwenye duka la vitambaa, alikuwa ameletewa na nduguye wa ng'ambo mlango wa kioo unaojifungua (mimi nilikuwa sijawahi kuuona ila kwenye picha), akaniita niusimike. Juu yake, nje na ndani, kulikuwa na visanduku viwili vidogo kama vya sabuni, na ndani ya kila kimoja rada, ndiyo, rada, ndugu mdogo wa zile za meli. Inatoa mawimbi, mawimbi yakimgonga mtu anayesogea yanarudi yamebadilika kidogo, na mlango unajua kuna mtu.

Mawimbi hayo si ya kuchezea. Bwana Wekesa, ofisa wa serikali anayesimamia masafa ya redio, alikuja na kipimo chake akatueleza kwamba vyombo vya aina ile vimetengewa bendi yao, nyembamba tu, na sharti ni nguvu ndogo, maana jirani yao kwenye masafa ni rada za meli, na kila mmoja akipaza sauti hakuna atakayesikika.

"Kione mkeka wa mlangoni, basi," alisema. "Kikiona zaidi ya hapo, Bwana fundi, kibali cha kukitumia nakichukua."

"Sawa, mzee," nikajibu, na siku ile nilimaanisha.

Lakini nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa nimemposa Akinyi, wajomba zake wamekubali, limebaki neno la mama yake tu, na mama huyo, mfanyabiashara wa Kombewa aliyenunua vitambaa kwa Kantilal miaka mingi, alikuwa amealikwa siku ya ufunguzi. Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe hovyo, hamkazii macho, na kula mbele yake ndiyo usiseme kabisa. Nikaamua nijifiche nyuma ya ukuta wa plaiwudi uliotenga stoo, niuache mlango uniongelee. Na ili uniongelee vizuri, asubuhi ile nilipanda ngazi na bisibisi, nikazungusha skrubu za kuongeza nguvu ya mawimbi hadi mwisho, kisanduku cha nje na cha ndani (cha ndani sijui kilinikosea nini), nikitaka umwone mama kutoka mbali, umfungukie kabla hajafika.

Mchana ule ziwa lilikuwa limelala. Magugu yalikuwa yamelifunika hata ungedhani ni malisho ya kijani yanayopumua taratibu, na mwanga mweupe ulipanda kutoka huko ukaingia mjini kama usingizi. Nilichungulia kwenye tundu la msumari nikamwona mama anakuja, gauni la samawati, kilemba kirefu, na alipokuwa bado kando ya barabara mlango ukajifungua, fyuuu, akasimama, akatabasamu peke yake. Nilihisi miguu yangu imeacha sakafu.

Nikiwa katika ndoto hiyo, mke wa Kantilal akanipitishia sahani ya bhajia.

Kantilal akasimama kuhutubia wageni. Mlango ukafunguka. Hakuna mtu. Ukafungwa. Akaanza tena, ukafunguka.

"Leo mlango umelewa," mzee mmoja akasema.

"Arre, fundi yuko wapi?" Kantilal akauliza.

"Mwache, Bwana Kantilal," mgeni mmoja akamwambia kwa sauti ya chini. "Pengine ni marehemu baba yako amekuja kuona duka."

Mlango ulifunguka na kufungwa, upepo wa ziwa ukaingia na kutoka, vitambaa vilivyotundikwa vikajaa na kunywea kama vifua vya watu waliolala, na mimi mwenyewe, fundi mzima, nywele zikanisimama, na kwa hofu nikatia bhajia nyingine mdomoni. Mlango ukafunguka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikiinua mkono, unafunguka. Nikitulia, unafungwa. Nikaganda kama nguzo, shavu limejaa, nikaomba. Lakini bhajia ile ilikuwa na pilipili nzima, nikakohoa hadi nikainama, na mlango ukapiga fyuuu kubwa kuliko zote.

"Hakuna marehemu hapa," ikasema sauti niliyoijua. Bwana Wekesa! Kumbe naye alialikwa. "Mawimbi haya yanapenya plaiwudi yakipewa nguvu nyingi. Kuna mtu huko nyuma, na anasogea."

Akavuta ubao wa pembeni. Nikatokea mbele ya Kisumu nzima, sahani mkononi, chatini kidevuni, nimetazamana uso kwa uso na mama yake Akinyi. Nikameza. Yeye akajifunika uso kwa leso, akageuka, na mlango ukamfungukia kutoka mbali, vilevile nilivyopanga.

Kibali kilichukuliwa palepale, kikarudi tu baada ya mimi kulegeza skrubu Bwana Wekesa akinisimamia. Hilo halikuniuma. Nililongoja ni neno la Kombewa, na lilipokuja alilileta Akinyi mwenyewe, amekaza uso.

"Amekataa?" nikamuuliza.

"Alijifunika ili acheke," akasema. "Amecheka mpaka nyumbani. Anasema nikuchukue tu, mwanamume ambaye hata mlango unamchongea hatanipa kazi ya kumchunga."

Tukaoana. Na mimi tangu hapo sijakipa chombo chochote nguvu zaidi ya zile kilizoruhusiwa, na mama mkwe akija mjini nakaa mbali naye, peupe, na njaa yangu.