Kengele Niliyokataa Kuijibu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa nimekunywa chai tu. Asiyeamini aje kwangu Bugoye nimwonyeshe kitenge cha mke wangu.

Juu ya shamba letu kuna mgodi uliofungwa zamani. Reli yake inateremka mlimani, inaingia handakini na kupita chini ya mto. Behewa lilishushwa kwa kamba ya chuma, na kazi yangu ilikuwa kengele. Wa chini akipiga mara mbili, mimi juu nilijibu mara mbili, ndipo behewa lisogee. Kaka wa mke wangu, jina lake Kule, alifia humo handakini maji yalipoingia. Mwili haukupatikana; tulizika shina la mgomba badala yake. Baadaye kamba ilikatwa, ikauzwa kama chuma chakavu. Kumbuka hilo.

Siku hiyo tulikuwa tunaokota kuni karibu na kengele yangu ya zamani, mimi na mke wangu Biira, ukungu ukatufunika. Nilipogeuka, alikuwa ameketi ndani ya behewa, na kamba imekaza kama zamani. Mbele yake mtu mwenye kofia ya mgodini alinipa mgongo, maji yakimtiririka.

“Ni Kule,” Biira akaniambia kwa utulivu. “Huko chini iko baridi. Nimupelekee blanketi, nitarudi.”

Kengele ikalia chini mara mbili. Niamini, mkono wangu ulifika kwenye mpini wa kengele ya juu kabla sijafikiri. Nikauondoa.

“Muzee, jibu kengele,” akasema yule mtu bila kugeuka. “Behewa inangoja.”

“Ingoje. Mimi nilishastaafu.”

“Unaogopa?”

“Naogopa, ndiyo. Lakini sijibu. Huyu nilipewa kanisani. Wewe umepewa na nani?”

Kengele ikapigwa tena na tena, kwa hasira. Nikakunja mikono, nikasali Baba Yetu kwa Lukonzo, lugha yetu, polepole, bila haraka yoyote. Nilipofika Amina, Biira alikuwa amesimama kando yangu analia. Reli ilikuwa tupu, imejaa magugu.

Kamba iliyouzwa ilivutwa na nani? Sijui. Ila pindo la kitenge cha Biira lililowa siku ile, na hadi leo halijakauka, tulianike juani au juu ya jiko. Kengele bado inalia siku za ukungu. Ndugu zetu wa Maliba wanatuambia tuhame. Hatuhami. Nimepanda maharage katikati ya reli ile, na namshukuru Mungu, yanastawi.

Nawe ukipita huko ukaisikia, hata ikikuita kwa sauti ya mtu uliyemzika, usijibu. Haiwezi kumshusha mtu mpaka wa juu akubali.